Je, Wajua? Mawazo Yana Masikio

Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, Kirundi ni cha nyumbani, Kifaransa cha darasani, na Kiswahili hukipata sokoni na ndani ya basi. Wazo likikatiza mtaa huo hupitia lugha kadhaa. Je, wajua kwamba…

• Mrundi hufikiri kwa masikio? *Kwumva* ni kusikia, kuhisi na hata kuelewa. Ukijisikilizia mwenyewe, *kwiyumvira*, hapo unafikiri. Kinachozaliwa ni *iciyumviro*, yaani wazo.

• *Ijambo* la Kirundi ni neno, ilhali jambo la Kiswahili ni tukio au shauri? Huku latamkwa, kule latendeka.

• *Ejo* ya Kirundi ni jana, na *ejo* hiyohiyo ni kesho? Kitenzi ndicho huamua. Anayetaka kutenganisha husema *ejo hahera* kwa yaliyopita na *ejo hazaza* kwa yajayo.

• Ndoto haihitaji mkalimani? Mswahili huota ndoto, Mrundi *akarota indoto*.

• Kiswahili huwaza kwa akiba ya mataifa? Wazo ni la Kibantu. Fikra, akili na taswira zimetoka Uarabuni. Picha imeletwa na Kiingereza. Dhana nayo ni ndugu wa kudhani: dhana nzito za wasomi zina ukoo mmoja na kubahatisha!

• Fumbo lina mlango wake? Mswahili husema “Kitendawili!” akajibiwa “Tega!” Mrundi hubisha kwa “Sokwe!” akajibiwa “Niruze!” Mswahili akishindwa kutegua hutoa mji.

• Ufasaha ulikuwa somo? Mwaka 1964 mwanaanthropolojia Ethel Albert alichapisha makala kuhusu usemi wa Warundi. Alieleza kwamba wavulana wa tabaka la juu walifunzwa tangu wakiwa na miaka kama 10 kutunga hotuba za papo kwa papo, kuomba zawadi kwa mkubwa na kujitetea kwa maneno.

• Kutunga kwa Kiswahili kunatosha shanga, shairi na mimba? Lakini *gutunga* kwa Kirundi ni kumiliki mali, na *umutunzi* ni tajiri. Basi mshairi wa pwani akifika Musaga na kujitambulisha kuwa mtunzi, ajiandae kulipia soda za watu wote.