Bunduki ya springi haitaki nguvu, inataka mkono uleule

Unaikumbuka ile picha ya Olimpiki ya Paris 2024? Mturuki wa miaka 51, Yusuf Dikeç, amesimama mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida machoni, analenga shabaha kama msee anayesubiri matatu stejini. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan waliondoka na medali ya fedha katika bastola ya hewa, mita 10. Meme zilijaa kwenye simu zetu, na wengi tukajiambia: kumbe hii kitu ni rahisi hivi?

Zii, si rahisi. Na kama klabuni umepewa bunduki ya hewa ya springi, ile ya kukunja mtutu ndipo ukoki, tayari umeonja uchungu wake. Unalenga katikati, tundu linatokea kushoto. Unalenga tena, linatokea juu. Unaishika kwa nguvu zaidi, na mambo yanazidi kuharibika.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mimi nusura nikate. Kwa wiki tatu nililaumu darubini, nikaikaza na kuilegeza hadi skrubu zikachoka. Siku moja mama mmoja anayefundisha wanafunzi wapya alinitazama nikipiga, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, mbona unaikaba shingo? Hiyo si mwizi," akaniambia. Alikuwa amemaliza.

Kwa nini inakuhangaisha

Bastola ya Dikeç hutumia hewa iliyobanwa ndani ya mtungi mdogo, kwa hivyo haina teke la kukusumbua. Yako ni tofauti. Ukivuta triga, springi nzito inaachiliwa na kusukuma pistoni mbele. Hapo bunduki inaruka nyuma kidogo. Kisha pistoni inagonga mto wa hewa mwisho wa silinda, na bunduki inachomoka kwenda mbele. Ni mateke mawili, moja nyuma na moja mbele, yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Noma ni kwamba hayo yanaanza wakati peleti bado iko ndani ya mtutu. Bunduki inatikisika kabla risasi haijatoka. Huwezi kuizuia, hata uwe na misuli ya mbeba mizigo wa Gikomba. Ukiibana leo sana na kesho kidogo, kila risasi itatoka na mtikisiko wake.

Wajerumani waliliona tatizo hili zamani. Katika miaka ya 1960, kiwanda cha Feinwerkbau kilitengeneza bunduki za mashindano za springi ambazo mtutu na mitambo yake huteleza nyuma juu ya reli, ili teke lisimfikie mpigaji. Hata mafundi hao hawakushindana na teke. Waliliachia njia. Nawe fanya vivyo hivyo kwa mikono yako.

Iache iruke

Fungua kiganja cha mkono wa mbele na uilaze bunduki juu yake, kama unavyobeba sinia ya chai. Usiifumbate kwa vidole. Kitako kiguse bega tu, kisilibane. Shavu liwe jepesi. Mkono wa nyuma ushike kwa kiasi cha kuelekeza tu.

Usiweke bunduki moja kwa moja juu ya meza au tofali. Itadunda na kupeleka risasi kwingine. Weka kiganja chako katikati.

Kisha tafuta mahali kiganja kinapokaa vizuri. Jaribu karibu na triga, halafu sogea mbele kidogo. Ukipata mahali ambapo matundu yanakusanyika, bandika kipande cha utepe hapo. Kuanzia siku hiyo, mkono urudi hapohapo kila mara.

Vuta pumzi, toa nusu, tulia. Bonyeza triga polepole kwa ncha ya kidole, ukiirudisha nyuma moja kwa moja. Ikiwa sekunde nane zimepita na bado unayumba, shusha bunduki na uanze upya. Hakuna anayekukimbiza.

Risasi ikitoka, usiinue kichwa kuchungulia. Endelea kutazama shabaha na uhesabu moja, mbili. Kosa hili tunalo karibu sote, na kulirekebisha hakukugharimu hata shilingi.

Soma karatasi yako

Kabla ya kugusa darubini, piga risasi 5 mahali pamoja kutoka mita 10. Kama matundu yamekusanyika lakini yako kando, wewe uko sawa, sogeza kilengeo. Kama yametawanyika kama mahindi ya kuku, usiguse kilengeo kabisa. Tatizo ni mshiko, skrubu au peleti.

Skrubu za kitako hulegea kwa sababu ya mateke yale mawili. Zikague kwa bisibisi kila kabla ya mazoezi. Darubini nayo iwe ya kustahimili bunduki ya springi, kwa maana hata darubini ya bei inaweza kuvunjika ndani ikipigwa teke la mbele ambalo haikuundiwa.

Peleti, vile vichembe vya risasi laini, nazo si sawa. Kila mtutu una chaguo lake. Jaribu aina mbili tatu za kipimo cha mtutu wako, kwa kawaida milimita 4.5 au 5.5, na utupe zilizobonyea. Na nawa mikono kabla ya kugusa smokie. Madini ya risasi ni sumu.

Usimimine mafuta ovyo ndani ya silinda. Joto la hewa inayobanwa linaweza kuyawasha kama dizeli kwenye injini, na mwendo wa peleti ukabadilika. Pia usifyatue bunduki tupu. Bila peleti pistoni haina mto wa kutosha, inajigonga mwishoni.

Kabla hujaishika

Siku moja niliweka peleti mtutu ukiwa umekunjwa, kidole kikiwa karibu na triga. Kikateleza. Mtutu ulifyatuka kurudi juu na kupita kidole gumba changu kwa sentimita moja. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo nashikilia mtutu kwa mkono mmoja ninapopakia, na vidole vingine viko mbali na triga. Fanya hivyo kuanzia siku ya kwanza.

Na mtaani? Sahau. Peleti hupenya jicho la mtoto wa jirani bila shida, na ukikosa shabaha, ukuta wa mabati hauizuii ipasavyo. Kupiga ndege nako ni kujitafutia kesi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Silaha ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kwa hivyo usiagize bunduki mtandaoni ukaificha chini ya kitanda. Ingia kupitia klabu inayotambuliwa, uulize kuhusu kibali kwanza, ujifunze chini ya macho ya mtu anayejua.

Mashindano ya bunduki ya hewa ya mita 10 yana kidoa cha alama 10 chenye upana wa nusu milimita. Mhindi Abhinav Bindra alikifuata kidoa hicho hadi dhahabu ya Beijing 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mtu binafsi kwa nchi yake. Wewe na mimi bado tuko mbali. Lakini wikendi ijayo, ukiwa uwanjani, legeza vidole na upige risasi 5. Kisha tazama karatasi. Ukikuta matundu yamesogeleana kuliko jana, utajua bunduki haikuwa na ubaya wowote.