Kustahimili, Kukwepa na Kuloweka: Istilahi za Ukame

Miongoni mwa istilahi za kilimo zinazostahili kuangaliwa upya ni "ustahimilivu wa ukame", ambayo wafasiri huitumia kwa mambo matatu yasiyo na asili moja. Tuchukue mfano wa Bujora, karibu na Mwanza. Mvua za huko huanza mwishoni mwa mwaka, hulegea Januari na Februari, kisha hurudi Machi na Aprili. Mahindi yakitoa mbelewele wakati mvua imekatika, punje hazijai.

Zao linalokomaa upesi likavunwa kabla ya jua kali halikustahimili ukame, bali limeukwepa. Zao linaloendelea kuzaa ijapokuwa maji ni haba, hilo ndilo stahimilivu. Mtama ni mfano wake. Lakini mkulima atiapo samadi, au azibapo mifereji iliyo baina ya matuta kwa vikingo vya udongo, mmea wenyewe haubadiliki: udongo ndio unaotunza unyevu. Matuta hayo yalichunguzwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa Mwanza. Twapendekeza yaitwe "matuta ya vikingo", kwa kuwa kikingo ndicho kifanyacho kazi. Katika luseni, yaani udongo wa kichanga wa miinukoni, maji hupata muda wa kuzama. Katika mbuga huweza kutuama na kuozesha mizizi. (Mfasiri asidhani kuwa mbuga hii ni ile ya wanyama, Usukumani ni udongo mzito mweusi wa bondeni.)

Kosa lenye hasara kubwa zaidi ni kuchanganya "kuloweka" na "kuotesha". Mbegu ya kulowekwa hukaa majini usiku mmoja tu, huanikwa kivulini hadi ganda likauke, na hupandwa siku hiyo hiyo. Huchipua mapema, nayo mizizi huwahi unyevu wa chini. Mvua ikichelewa, mbegu hiyo bado yaweza kusubiri kwa muda. Iliyooteshwa haiwezi: kimzizi kimekwisha kutoka, na udongo mkavu hukiua. Neno moja katika kijitabu cha mafunzo laweza hivyo kumpotezea mkulima mbegu yote ya msimu. Tena kijitabu kitaje wazi kwamba mbegu iliyopakwa dawa, ambayo kwa kawaida hutiwa rangi, hailowekwi nyumbani.