Nani Hukipima Kipimo?

Kila rula hupimwa kwa kipimo kilicho bora zaidi. Je, kipimo cha mwisho hupimwa na nani?

Kuanzia mwaka 1889 hadi 1960, mita ilikuwa urefu uliowekwa alama juu ya ufito wa platini na iridi huko Sèvres, Ufaransa. Tangu mwaka 1983, mita ni umbali upitwao na nuru katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde.

Ili kuitumia fasili hiyo, maabara nyingi zimetegemea leza ya heliamu na neoni, ambayo marudio ya mawimbi yake hudhibitiwa kwa mvuke wa iodini. Lakini leza moja haiwezi kujisahihisha. Hivyo miali ya leza mbili huelekezwa pamoja kwenye kihisi-nuru kimoja. Kama vile filimbi mbili zenye sauti zinazokaribiana zitoavyo mvumo unaopanda na kushuka, miali hiyo nayo hutoa mapigo. Idadi ya mapigo kwa sekunde ndiyo tofauti ya marudio yao.

Tofauti ya mapigo 10,000, kati ya marudio yapatayo trilioni 474, ni sawa na kosa la sehemu mbili za mia za milimita katika kilomita 1,000. Kwa njia hiyo leza za mataifa zimelinganishwa, ili milimita ya nchi moja isihitilafiane na ya nyingine.