Sarafu za Kasha la Bibi: Tuzitazame Kabla ya Kuuza au Kununua

Katika nyumba nyingi za pwani yetu lipo kasha la marehemu bibi, na ndani yake, chini ya kanga na udi, mna kifundo cha sarafu kuukuu. Likifunguliwa hakosekani wa kusema kuwa ni takataka, wala wa kusema kuwa ni utajiri. Tusimsadiki yeyote kati yao kabla ya kuitazama sarafu yenyewe.

Iliyo mashuhuri ni riale ya fedha, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria upande mmoja na tai mwenye vichwa viwili upande wa pili. Mwaka wake ni 1780, ndio mwaka aliofariki malkia huyo. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walikuwa wameizoea na kuiamini sura hiyo, basi ikaendelea kupigwa kwa mwaka ule ule hata karne ya 20, Vienna na pia London, Roma na Bombay. Hivyo anayetaka bei kubwa kwa sababu tu imeandikwa 1780, bado hajatuonyesha ushahidi.

Ushahidi umo katika mizani. Tuipeleke kwa sonara mwaminifu: riale ya kweli ina uzito wa gramu 28 na ziada ndogo, upana wa milimita 40 hivi, na sehemu 833 za fedha safi katika 1000. Sumaku haiivuti. Ukingoni mwake mna herufi za Kilatini zilizoinuka. Tukiona herufi zimefifia, au mstari wa kiungo kama wa kitu kilichomiminwa katika kalibu, tuingiwe na shaka.

Zipo nyengine za kutafuta: pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Unguja, yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, sarafu za Mombasa zilizoanza mwaka 1888, na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ambayo tangu 1921 hata 1946 robo yake ilikuwa fedha.

Kosa kubwa la nyumbani ni kusafisha. Ndimu, majivu na dawa za kung'arishia huondoa rangi ya umri, na pamoja nayo thamani mbele ya wakusanyaji. Tuishike sarafu kwa kingo zake, tuihifadhi pakavu, kila moja katika karatasi yake. Iliyotiwa kikuku cha mkufu ni pambo zuri, ila mkusanyaji huilipia kidogo.

Tunaponunua, tuulize bei kwa watu wawili au watatu, tena tulipe na kupokea papo hapo. Wanazuoni wengi wamesisitiza kuwa dhahabu na fedha hununuliwa mkono kwa mkono, pasi na deni. Sarafu iliyofukuliwa katika magofu, kama yale ya Gede, tusiiguse. Habari zake ni za Makumbusho ya Taifa. Na kwa sheria ya mwaka 2006, vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa vya kale, wala havitolewi nje ya Kenya bila ya kibali.

La mwisho ndilo zito zaidi. Sarafu za marehemu ni mirathi, hata zikiwa tatu tu katika kitambaa. Zihesabiwe mbele ya warithi wote, mabinti wasisahauliwe, ziandikwe na kupimwa, kisha ndipo ishauriwe kuuza au kuweka. Ndugu wamewahi kukatana kwa riale moja iliyouzwa kwa siri. Kasha la bibi si mali ya aliyeshika ufunguo.