Tua Mzigo, Upumzike

Kupumzika katikati ya kazi si uvivu. Mama anapoinama na jembe muda mrefu, misuli ya mgongo hukaza, mishipa hubanwa, na damu haipiti vizuri. Ndipo maumivu huanza. Akisimama wima kidogo au kuketi, damu hurudi, na nguvu nayo.

Sisi wa milimani tuna sababu zaidi. Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, haifiki mita 800. Minembwe hupita mita 2,000. Huku hewa ni nyepesi na moyo hupiga mbio. Anayepanda na mzigo asingoje kizunguzungu: atue njiani mara kwa mara, anywe maji yaliyochemshwa. Baridi yetu hudanganya, mtu hutoka jasho bila kujua.

Mama mwenye mimba alale kidogo mchana, kwa ubavu, afadhali wa kushoto, ili damu imfikie mtoto vizuri. Baba, ukimkuta hivyo, usiulize ugali uko wapi. Chukua jembe wewe. Lakini akivimba uso na mikono, akiumwa sana kichwa, au akitoka damu, kupumzika hakutoshi: mleteni hospitali siku ile ile.