Rimoti bila mwenzake ni urembo: somo lililonigharimu laki na ishirini

Leo naongelea bidhaa ambayo wengi tunakutana nayo kwenye mizigo ya mtumba, tunaipita au tunaibeba tukidhani ni toi tu: rimoti za zamani za ndege ndogo za kurusha, zile zenye antena ndefu ya kuvuta kama redio ya babu. Mimi niliibeba. Nikauza, nikarudisha hela, halafu nikauza tena kwa njia nyingine. Nakupa hesabu yote ili wewe usipite nilikopita.

ILIVYOANZA

Hapa Tunduma mzigo wa kila aina unapita. Kuna siku nikanunua boksi la vitu mchanganyiko vilivyotoka Uingereza, elfu sitini. Ndani kulikuwa na ndege moja ya mbao nyepesi yenye kainjini kadogo ka mafuta, rimoti yake, kidude cha kupokea mawimbi (risiva), na sevo mbili za akiba. Kwa asiyejua, sevo ni kamota kadogo kenye mkono. Hakazunguki moja kwa moja kama feni, kenyewe kanageuka hadi sehemu unayokaagiza kisha kanasimama hapo. Ndiko kanakosukuma usukani wa mkia na vipande vya bawa. Ndege yangu ilikuwa na sevo nne ndani yake.

Nikaweka betri kwenye rimoti, mshale ukapanda. Basi, kwangu mimi "inafanya kazi". Nikapiga picha nzuri, nikaposti: Ndege ya rimoti, ipo vizuri, inafanya kazi, 120,000.

Siku ya pili akanipigia mwalimu mmoja wa Sumbawanga. Klabu yake ya sayansi inajiandaa na siku ya taaluma, wanafunzi wamechangishana. Akalipa yote pamoja na elfu kumi ya basi. Nikafunga mzigo, nikaupeleka stendi, nikalala nikiwa na raha.

Mzigo ulipofika akapiga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Ndege imefika salama, ila haisikii. Rimoti inawaka, ndege kimya."

Nikamwambia abadilishe betri. Akabadilisha. Nikamwambia avute antena yote. Akavuta. Kimya. Mwisho akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, hizi hela ni za watoto. Nitawaambia nini?"

Wadau, hapo ndipo penye biashara. Ningeweza kumjibu lile neno letu, mali ikishauzwa hairudi. Nusu ya moyo wangu ilitaka hivyo, maana hela nilishaizungusha. Nikamwambia, mwalimu rudisha mzigo, hela yako utaipata yote. Nikamrudishia laki na ishirini, na elfu kumi yake ya basi, na mzigo kurudi nikalipia mimi elfu kumi nyingine. Siku hiyo nilikula ugali na maharage kwa uchungu.

KWANINI NDEGE HAIKUSIKIA

Nikampelekea fundi redio wa hapa mjini. Akafungua, akacheka. "Mdogo wangu, umeuza mume wa huyu na mke wa yule."

Nilichojifunza kwake na kwa kusoma mwenyewe usiku ni hiki.

Rimoti za zamani zinatumia kipande kidogo cha chuma kinachochomekwa, kinaitwa kristali. Ndicho kinachoamua masafa. Kristali ya rimoti na ya risiva lazima ziwe za chaneli moja. Yangu ya rimoti ilikuwa imeandikwa 68, ya risiva 74. Hata zikae meza moja, hazitaongea. Na hata ukipata namba sawa, ya rimoti imeandikwa TX na ya risiva RX, huwezi kuzibadilishana. Kristali ya kampuni moja pia inaweza kugoma kwenye risiva ya kampuni nyingine.

Jambo la pili ni masafa yenyewe. Uingereza walitenga megahezi 35 kwa ajili ya ndege za modeli. Marekani wao walitumia megahezi 72. Matoi ya kawaida mengi ni megahezi 27 au 49. Kwa hiyo rimoti ya mtumba imebeba utaratibu wa nchi ilikotoka, siyo wa kwetu. Hapa kwetu masafa yanasimamiwa na TCRA. Rimoti kuwaka taa haina maana una ruhusa ya kuitumia angani.

Tatu, kuanzia miaka ya 2005 na 2006 watu wa ndege hizi walianza kuhamia gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi. Hizo hazina kristali. Rimoti na risiva zinatambulishwa mara moja, baada ya hapo zinajuana zenyewe. Ndiyo maana zile za antena ndefu zimejaa kwenye mtumba. Wenyewe walishahama.

Lakini usidhani za 2.4 zinaingiliana zote. Kila kampuni ina lugha yake. Rimoti ya FlySky haiongei na risiva ya Spektrum, ingawa zote zimeandikwa 2.4. Ukikuta rimoti nzuri bila risiva yake, hesabu kwamba umenunua nusu ya bidhaa.

KIPI KINAKUFA, KIPI KINABAKI

Hapa ndipo pa hela. Mzigo wa hivi usiuangalie kama kitu kimoja. Ugawe.

1. Betri. Chukulia imekufa. Za zamani ni nikeli-kadmi, kila seli volti 1.2. Ukiona unga mweupe au wa kijani, imevuja na imekula waya. Kadmi ni sumu. Usiichome, usimpe mtoto, usiiuze. Zile bapa za lithiamu zilizovimba ndiyo kabisa, usizichaji hata kidogo.

2. Rimoti na risiva za kristali. Kama jozi haijakamilika, uza kama spea. Vile vijiti viwili vya kuongozea vina vipande ndani ambavyo wanafunzi wa elektroniki wanavitaka.

3. Sevo. Hizi ndizo dhahabu ya boksi. Sevo ya zamani inatumia volti 4.8 hadi 6, na inasikia alama ile ile inayotumika leo: mpigo mfupi wa kati ya milisekunde 1 na 2, unaorudiwa kila milisekunde 20 hivi. Katikati ni 1.5. Kwa hiyo sevo iliyotolewa kwenye ndege ya zamani inaweza kufanya kazi na risiva mpya, au na kibodi cha Arduino ambacho wanafunzi wa vyuo wanafanyia projekti.

4. Bodi ya ndege, magurudumu, propela, vijiti vya kusukumia. Vikiwa vizima vinauzika.

Tahadhari moja ya sevo: angalia waya. Kawaida ni tatu, mwekundu wa chanya uko katikati, mweusi au wa kahawia ni hasi, na mweupe, njano au wa chungwa ndiyo wa alama. Lakini zipo sevo za zamani ambazo mwekundu hauko katikati. Ukichomeka bila kuangalia unaunguza sevo, au unaunguza risiva ya mteja.

KIFAA CHA ELFU TISA

Fundi akanionyesha kidude kinaitwa kipima sevo. Unachomeka sevo upande mmoja, betri upande mwingine, unazungusha kitufe, na mkono wa sevo unafuata. Hakuna rimoti, hakuna masafa, hakuna kristali. Nilinunua kwa elfu tisa.

Nikapima zote sita, moja moja. Zote zilisogea. Mbili zilikuwa zinakwaruza kidogo, ila zilifika mwisho.

Nikiwa nazungusha kile kitufe, ndipo nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mwalimu tangu mwanzo: hii ndege unataka kuifanyia nini?

Nikampigia. Akasema, "Kurusha siyo lazima mwanangu. Nataka wanafunzi waone bawa linavyogeuka na mkia unavyogeuka, waelewe ndege inakatajè kona."

Mwalimu hakuhitaji rimoti! Nilimuuzia kitu asichokihitaji, tena kibovu.

Nikamtengenezea hivi. Ndege ikabaki na sevo tatu: ya bawa, ya mkia wa kupanda na kushuka, na ya usukani wa kushoto na kulia. Kila moja na kipima chake, vyote vitatu nikavifunga kwenye kipande cha mbao. Umeme ni kasha la betri nne za kuchaji, volti 4.8. Injini nikaacha ibaki kama ilivyo na nikamwandikia wazi kwamba haiwashwi. Nikamtumia video fupi ya kila kitufe kikizungushwa, kabla hajalipa hata shilingi. Akachukua kwa elfu tisini, basi akalipia mwenyewe.

HESABU YOTE

Nilichotoa:
Boksi 60,000
Nauli za mzigo, kwenda na kurudi 20,000
Vipima vitatu 27,000
Kasha na betri 8,000
Jumla 115,000

Nilichoingiza:
Ndege ya maonyesho 90,000
Sevo tatu zilizobaki, kwa wanafunzi wa chuo Mbeya, 8,000 kila moja 24,000
Rimoti ya zamani kama spea 15,000
Jumla 129,000

Faida elfu kumi na nne. Najua kuna mtu atacheka. Ila kama ningezima simu, ningekuwa na laki na ishirini mfukoni na mwalimu mzima wa Sumbawanga anayenitangaza kwa ubaya kwenye magrupu ya walimu. Wewe piga hesabu hiyo mwenyewe.

UKIPATA MZIGO KAMA HUU, FUATA HIVI

Kwanza, ng'oa propela kabla ya kujaribu chochote chenye mota. Propela ndogo inakata kidole.

Pili, washa rimoti kwanza, ndege baadaye. Ukizima, ndege kwanza, rimoti mwisho. Ukigeuza, ndege inaweza kushtuka na kujiamulia.

Tatu, usiandike "inafanya kazi" mpaka umeona kitu upande wa pili kimesogea. Taa na mshale vinakuambia rimoti ina umeme. Havikuambii kama kuna anayesikia.

Nne, piga picha ya maandishi: masafa, chaneli, namba ya kristali, jina la risiva. Anayejua ataelewa, na asiyejua atamuuliza anayejua.

Tano, muulize mteja matumizi kabla ya kutaja bei. Akisema ni kurusha, mshauri anunue rimoti na risiva mpya vya gigahezi 2.4 kwa pamoja, na sevo za zamani zilizopimwa anaweza kuendelea nazo kwa kujifunzia mezani. Kitu kitakachoruka juu ya vichwa vya watu kisitegemee sevo inayokwaruza.

Sita, sheria. Vifaa vya mawimbi vipo chini ya TCRA, na droni zina utaratibu wake wa vibali, anga linasimamiwa na TCAA. Usimwandikie mteja "haihitaji kibali" ili tu anunue. Na sisi wa mpakani tuna wateja wa Nakonde: huko ni Zambia, wana mamlaka yao. Mwambie aulize kwao kabla mzigo haujavuka.

TANGAZO LANGU SIKU HIZI

Chukua, badilisha, tumia:

"Rimoti ya zamani ya ndege, megahezi 35, kristali ya TX chaneli 68. Inawaka. HAINA risiva ya chaneli hiyo, kwa hiyo nauza kama SPEA, siyo ya kurusha. Betri imetolewa. Video ipo, omba inboksi. 15,000. Ukipokea ukakuta tofauti na nilivyoandika, rudisha ndani ya siku tatu, hela yako yote inarudi."

Nilidhani tangazo la hivi litafukuza watu. Ile rimoti iliondoka siku ya pili, na aliyeinunua hakuuliza hata swali moja, maana majibu yote yalikuwa pale.

Mwalimu alinitumia picha ya siku ya taaluma. Binti mmoja kashika kitufe, wenzake wamemzunguka, mkia wa ndege umegeuka. Nimeiweka picha hiyo kwenye simu yangu tu, sijaiposti, maana ni watoto wa watu.

Haya wadau, nani ana rimoti imelala dukani haijulikani ya nini? Andika hapo chini maandishi unayoyaona kwenye kibandiko chake, tusaidiane kuitambua kabla hujamuuzia mtu.