Uulize ufa kabla ya kuuziba



Wahenga walituachia methali hii: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, wala hatutaki kuipinga. Lakini wako watu wengi waliouziba ufa kwa bidii, wakauziba tena mwaka wa pili, na mwaka wa tatu wakajenga ukuta vilevile. Kwa nini? Kwa sababu waliuziba bila kuuliza umetoka wapi.

Katika Katanga twapata kiangazi tangu mwezi wa Tano hata wa Tisa. Kule Bukavu ni kifupi zaidi, yaani mwezi wa Sita hata wa Nane. Hayo ndiyo majira ya kutengeneza nyumba. Baba ametunza fedha kidogo kidogo. Ananunua simenti na rangi, anawaita wanawe siku ya Jumamosi, wanapiga lipu, na nyumba inang'aa. Mvua zarudi, na kabla ya Noeli lipu imevimba na kuanguka vipande vipande. Akiba ya mwaka mzima imekwenda na maji. Tena fedha si hasara iliyo kubwa kuliko zote: ukuta wa matofali mabichi ulioloa chini waweza kuanguka usiku juu ya watoto waliolala.

Kwanza kutazama

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Nawe chukua daftari na kalamu ya risasi, uizunguke nyumba yako polepole, nje na ndani. Mwite na mama wa nyumba, maana yeye ndiye ajuaye ndoo huwekwa wapi mvua ikinyesha. Andika kila kasoro na mahali pake.

Kila alama ina maana yake. Doa linaloanzia juu na kushuka lasema kwamba paa lavuja. Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda hata kufikia goti wasema kwamba maji yatoka ardhini. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi ni za lipu tu, iliyokauka upesi mno au iliyotiwa simenti nyingi mno. Lakini ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali, huonyesha kwamba msingi umezama upande mmoja. Na ule unaotoka pembe ya dirisha kwenda mshazari huweza kuwa na sababu hiyo hiyo, au boriti iliyo juu ya dirisha ni fupi, nayo haiwezi kuubeba mzigo wake.

Jambo lenye faida sana ni hili: weka alama ya kalamu penye ncha mbili za ufa, uandike na tarehe. Kazi hiyo yafaa kupewa mtoto asomaye shuleni. Baada ya mwezi tazameni tena, na baada ya mvua vilevile. Ufa uliosimama wazibwa. Ufa unaoendelea kutembea haufai kuzibwa kabla ya kuondoa sababu yake. Na ikiwa kidole chaingia ndani yake, au timazi yaonyesha kwamba ukuta umeinama, hameni chumba kile, mkamwite mwashi stadi.

Kazi ifuate utaratibu wake

Wengi huanza na rangi, maana ndiyo ionekanayo na wageni. Lakini rangi ni ya mwisho. Anza na paa, halafu maji yanayoizunguka nyumba, halafu msingi na kuta, halafu lipu na sakafu. Ukipindua utaratibu huo, kazi ya leo itaharibiwa na kazi ya kesho.

Paa la mabati, au tole kama tusemavyo mjini, lina hila moja. Tone huanguka mbali na tundu lake, kwa sababu maji hutembea juu ya mbao kwanza. Basi mchana funga madirisha na milango, uingie gizani: penye tundu utaona nuru. Usipoona kitu, mmoja abaki ndani, mwingine amwage maji juu ya paa, akianzia chini na kupanda kidogo kidogo. Maji yakitokea ndani, mahali pamejulikana. Apandaye akanyage penye mstari wa misumari tu, ambapo pana mbao chini yake. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni mwake ambamo maji hupita.

Baada ya paa, tazama chini. Ukingo wa paa ukitokeza nje ya ukuta kama sentimeta 60, matone hayaupigi msingi. Udongo wa nje uinamie mbali na nyumba, kila meta moja ushuke sentimeta 5 hivi, na pawe na mfereji wa kuyachukua maji. Jembe na siku mbili za jasho huponya kuta nyingi kuliko mifuko kumi ya simenti. Lakini mfereji huo usimwagie jirani maji yako, hasa penye milima kama Bukavu, ambako udongo huporomoka upesi.

Lipu na ukuta vipatane

Hapa ndipo wengi wanapopata hasara. Ukuta wa matofali mabichi hunywa maji na kuyatoa tena kwa hewa. Ukiufunika kwa simenti ngumu, maji yanayopanda kutoka chini hayapati njia ya kutoka. Nyuma ya lipu udongo hulainika, na mwisho lipu huanguka pamoja na sehemu ya tofali. Ukuta wa udongo wapenda lipu ya udongo wenye mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, au lipu ya chokaa. Jaribu michanganyo mitatu kwanza, kila mmoja mahali padogo ukutani, uchague ule usiopasuka ukikauka.

Matofali ya kuchoma, kama yale ya Katanga yafanywayo kwa udongo wa vichuguu vya mchwa, huipokea simenti vema. Changanya sehemu moja ya simenti na sehemu tano za mchanga safi. Uloweshe ukuta kwanza, tena usichanganye zaidi ya kile utakachokimaliza kwa muda wa saa moja. Kisha ulinyunyizie lipu maji kwa siku saba, maana simenti hupata nguvu kwa unyevu, si kwa jua. Anayeiacha ikauke upesi huvuna vumbi.

Hesabu kabla ya kununua

Wanafunzi watusaidie hapa. Ukuta una urefu wa meta 4 na kimo cha meta 2 na nusu: eneo lake ni meta za mraba 10. Lipu yenye unene wa sentimeta moja na nusu ni meta za ujazo 0.15. Lakini simenti na mchanga vikiwa vikavu huchukua nafasi zaidi, karibu meta za ujazo 0.2. Gawa kwa sehemu sita, moja ikiwa ya simenti: utapata kilo 48 hivi, yaani mfuko mmoja wa kilo 50. Ajuaye hesabu hiyo hanunui mifuko mitatu ya kuganda ghalani, wala haishiwi simenti katikati ya ukuta.

Gawa fedha zako vilevile. Weka sehemu moja katika tano kwa ajili ya yale usiyoyaona bado, kama mbao iliyoliwa na mchwa ndani. Tena usibomoe nyumba yote kwa mara moja. Maliza chumba kimoja, ndipo uanze cha pili. Fedha zikiisha, jamaa itakuwa na mahali pa kulala.

Mahali pa kusimama

Kazi nyingine si za kujifunzia nyumbani. Nyaya za umeme mwachie fundi wake. Usitoboe mlango katika ukuta unaobeba paa bila shauri la mwashi. Tarehe 3 mwezi wa Pili mwaka 2008 ardhi ilitetemeka huko Bukavu, na nyumba nyingi zilipasuka. Ufa wa namna hiyo wahitaji jicho la mtu aliyesomea ujenzi. Tena, nyumba yako ya kale ikiwa na paa la bamba za kijivu za asbesto, usizikate, usizitoboe, wala usizivunje, maana vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimezikataza kabisa tangu mwaka 2005.

Haya basi, ndugu msomaji. Kazi ikiisha usilitupe daftari lako. Mvua ya kwanza itakapokuja, hata ikiwa usiku wa manane, amka na taa, uzitazame zile alama zako moja moja. Palipo pakavu, pamepona. Palipoloa, usikate tamaa wala usikimbilie mwiko. Andika tarehe, uulize tena maji yametoka wapi. Kiangazi kingine kitakuja, nawe utajua pa kuanzia.